Mtoto ni Amana, Si Zawadi

Kila mwaka mwezi wa Januari, wazazi wa Ruponda, kama wenzao wa Nachingwea na Ruangwa, huwashika watoto mkono na kuwapeleka shuleni. Jina huandikwa daftarini, mtoto huonyeshwa darasa lake, na mzazi hurudi nyumbani au shambani. Wengine huwasindikiza watoto mbali zaidi, kwenye shule za bweni, wakawaacha huko na sanduku na godoro. Jambo hili tumelizoea hata hatuulizi maana yake. Lakini mna swali zito ndani yake: Je, mzazi akishamkabidhi mwalimu mtoto wake, amekabidhi pia haki yake ya kujua habari za mtoto huyo?

Wapo wasemao kuwa ndiyo. Husema kwamba shule ina wenyewe, nao wamesomea kazi yao. Kazi ya mzazi ni kuleta sare, madaftari na mchango wa mahindi. Mengine awaachie wenye ujuzi. Na wapo wazazi ambao wameyakubali maneno hayo kwa moyo mmoja. Ukimwuliza mmoja wao kama mlango wa bweni la binti yake hufungwa kwa kufuli usiku, atakujibu, "Walimu ndio wanaojua."

Sikubaliani na fikira hiyo, na sababu yangu ni neno moja ambalo kila mtu hapa kwetu analifahamu, yaani amana. Mtu akikupa kuku kuwa zawadi, kuku ni wako. Ukimchinja hudaiwi habari. Lakini akikuwekea kuku wake kwa sababu anasafiri, kuku huyo hawi wako hata siku moja. Mwenyewe akirudi na kuuliza, "Yu wapi? Yu hali gani?", hatumwiti mkorofi wala hatumwambii kwamba anaingilia mambo yetu. Tena mtunza amana mwema hangoji kuulizwa. Kicheche akianza kuzunguka banda, yeye ndiye hutangulia kupeleka habari. Akinyamaza mpaka kuku aliwe, atalaumiwa mara mbili: kwa kupoteza, na kwa kunyamaza.

Basi ikiwa ndivyo kwa kuku, tuseme nini juu ya mtoto? Mtoto apelekwaye shuleni hakutolewa zawadi kwa mwalimu wala kwa serikali. Amewekwa amana. Kwa hiyo habari za usalama wake si hisani ambayo mkuu wa shule humfanyia mzazi anapopata nafasi. Ni deni.

Deni hilo lina sehemu mbili, na watu wengi huzitenganisha kana kwamba hazihusiani. Ya kwanza ni uandikishaji: nani yupo shuleni, wangapi, na wamelala wapi. Ya pili ni mazoezi ya kujiokoa na hatari, hasa moto. Nitaonyesha kwamba ni jambo moja.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha, katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya, liliwaka moto. Wavulana zaidi ya 150 walikuwa wakilala humo. Watoto 21 walikufa. Msiba huo peke yake ulitosha, lakini uliongezwa na msiba wa pili. Kesho yake ilitangazwa kwamba watoto 70 hivi hawajulikani walipo. Kumbe wengi wao walikuwa hai. Wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi na jamaa zao, wengine wamehifadhiwa na majirani waliokimbilia pale usiku ule. Fikirini hali ya mzazi aliyesimama nje ya uzio wa shule siku ile, asijue kama alie au ashukuru, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia kwa hakika kama mwanawe amehesabiwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa duka na chama cha ushirika. Katika moto, daftari la shule ndilo linalosema nani bado yumo ndani. Nalo zoezi la moto, likifanywa sawasawa, huishia kwenye hesabu. Kengele ikilia, watoto hutoka kwa njia waliyofundishwa, hukusanyika mahali pamoja, na mwalimu huita majina. Kama daftari lina majina ya walioacha shule zamani, au halina majina ya waliohamia juzi, zoezi zima ni bure. Mchungaji wa kondoo mia katika Injili alijua kuwa mmoja amepotea kwa sababu alihesabu, na aliweza kuhesabu kwa sababu alijua kuwa walikuwa mia.

Sasa tutazame pingamizi zinazotolewa, maana si za kipuuzi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba habari za hatari huwatia wazazi hofu. Ni kweli. Lakini hofu nayo ina kazi yake. Mwezi Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya sekondari Shauritanga, huko Rombo. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 walikufa bwenini Kyanguli, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Tarehe 14 Septemba 2020, wanafunzi 10 walikufa katika shule ya msingi Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera. Katika mabweni mengi, nondo na kufuli huwekwa kwa nia njema, kuwazuia wezi wasiingie na watoto wasitoroke. Lakini kinachozuia mwizi kuingia huzuia pia mtoto kutoka. Mzazi aliyeambiwa mapema anaweza kuuliza, "Ufunguo anakaa nao nani usiku?" Asiyeambiwa huuliza swali hilo makaburini.

Pingamizi la pili ni kwamba zoezi likitangazwa mapema halipimi kitu. Lazima watu washtukizwe. Hapo tujifunze kwa jambo lililotokea Nairobi. Mwezi Aprili 2015, magaidi walikuwa wameua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na vyuo vyote vya Kenya vilikuwa na hofu. Tarehe 30 Novemba mwaka ule ule, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kujihami na shambulio la namna hiyo. Milio ya bunduki ikasikika, na watu wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Waliamini kwamba kifo kimewafikia, wakaruka kutoka ghorofani. Wengi waliumia, na mfanyakazi mmoja akafa. Chuo kiliomba radhi, lakini aliyekufa alikwisha kufa, tena kwa jambo lililokusudiwa kuokoa maisha.

Yafaa tupambanue hapa kati ya kumfundisha mtu na kumhadaa. Anayefanya zoezi huku akijua kuwa ni zoezi anajifunza. Anayedanganywa kuwa hatari ni ya kweli hafundishwi. Anajaribiwa kama panya. Wala hatulazimiki kutangaza saa na dakika. Yatosha watoto na wazazi waambiwe kwamba katika muhula huu litafanyika zoezi, kwamba kengele italia namna fulani, na kwamba wote watakusanyika mahali fulani. Mshtuko mdogo utabaki, lakini hila haitakuwamo. Tena mtoto mdogo akirudi nyumbani na kusema, "Leo tulikimbia moto," mama yake hataacha chungu jikoni na kukimbilia shuleni akipiga mayowe.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Walimu husema, "Tumewaita wazazi mara ngapi, na wangapi wamekuja?" Nao wana haki ya kusema hivyo. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kwenda nyumba kwa nyumba. Na sisi wa sehemu hizi tuna shida yetu ya majira. Kwa kawaida uandikishaji wa darasa la kwanza huendeshwa miezi ya mwisho wa mwaka, wakati ule ule wa kuokota korosho na kuzipeleka ghalani. Mvua zikianza, watu huhamia mashambani, wengine mbali sana na kijiji. Tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji husomwa na mbuzi tu.

Lakini shida ya kufikisha habari haiondoi deni la kuifikisha. Huonyesha tu kwamba deni hilo si la mwalimu peke yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamua kwamba watoto wote wa umri wa shule ya msingi waandikishwe ifikapo mwaka 1977, kazi ile haikungoja wazazi waje ofisini. Ilipitia kwa viongozi wa vijiji na mabalozi wa nyumba kumi. Siku hizi tuna simu za mkononi pia, lakini si kila nyumba inayo, wala si kila shamba lina mtandao. Kwa hiyo habari ya shule itangazwe kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa, ipelekwe ghalani ambako wakulima wote hufika, na watoto wenyewe watumwe. Ikitangazwa mahali pamoja tu, nusu ya kijiji haitasikia.

Tutoe mfano. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Ruhusa hiyo ni kubwa. Lakini kwa binti aliyeko shambani na mwanawe mgongoni, ambaye hakuna aliyemweleza, ruhusa hiyo haipo. Haki usiyoijua ni kama fedha iliyofukiwa chini ya kitanda chako na mtu aliyekufa bila kukuambia.

Nao wazazi wana deni lao. Amana hufungwa kwa mikono miwili. Mzazi amwondoaye mtoto shuleni kwenda naye shambani, au kumpeleka kwa bibi yake, bila kumwambia mwalimu, anaharibu daftari ambalo usiku wa hatari litawaongoza waokoaji. Anaweza kumfanya mtu aingie motoni kumtafuta mtoto ambaye amelala salama kijiji cha pili. Mzazi adaiye habari, naye atoe habari.

Basi kikao cha wazazi kitakapoitwa, twendeni, wanaume kwa wanawake, na tusikae kimya mpaka yafikiwe mambo ya michango. Tuulize kwa heshima maswali manne. Daftari la majina lilisahihishwa lini, na limewekwa wapi ili nalo lisiungue? Mlango wa pili wa bweni hufunguka, na ufunguo uko kwa nani usiku? Zoezi la moto lilifanywa lini mara ya mwisho, na watoto walikusanyika wapi? Tena jambo likitokea usiku, ni nani atakayetupasha habari, na kwa njia gani? Mwalimu mwema hataudhika, maana maswali hayo yanamsaidia kudai kwa wakubwa wake vifaa ambavyo amekuwa akivikosa. Na kama jibu la swali lolote ni "hatujafanya bado," kikao kisifungwe kabla ya kupanga siku ya kulifanya na mtu wa kulisimamia.