Subira si Kukaa Kitako

Ndugu Waislamu, neno subira limo midomoni mwetu kila siku. Aliyefiwa huambiwa asubiri, na aliyepata hasara huambiwa asubiri. Ni neno la haki. Lakini je, wajibu ni wa anayeambiwa peke yake, au nasi tunaomwambia tuna letu?

Tuwatazame wakulima wa Bonde la Rufiji. Mto ukifurika kwa kiasi huwaletea rutuba. Ukizidi huwachukulia mpunga wao. Hata hivyo hawakai wakayalilia maji. Yanapopungua, hupanda mahindi na kunde katika tope lililobaki, na kilimo hicho hukiita mlau. Hivyo shamba moja huwa na misimu miwili: aliyekosa wa kwanza hajakosa yote.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya mahali palipoinuka. Huko walisalimika na maji, lakini mchanga wa juu si tope la mto. Basi juu walipanda mihogo na mikorosho, na msimu ulipowadia wengi waliteremka tena bondeni kulima, wakilala katika madungu. Ya zamani hawakuyang'ang'ania yote, wala hawakuyatupa yote. Hiyo ndiyo subira yenye akili.

Lakini mbegu ya mlau itatoka wapi ikiwa ghala nalo limechukuliwa na maji? Itatoka kwa ndugu na jirani aliyesalimika. Kwa hiyo mafuriko yalipoingia tena Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024, mtihani haukuwa wa waliozamishiwa mashamba tu. Ulikuwa pia wa kila nyumba ambayo maji hayakuifikia, iwe Mtawanya, Kibiti mjini au Dar es Salaam.

Nabii Yusuf (A.S.) aliijua mitihani: alitupwa kisimani, akafungwa gerezani. Hata hivyo hakungoja njaa iingie Misri ndipo awahimize watu kusubiri. Alishauri walime miaka saba na kuweka akiba. Subira yake ilikuwa na ghala.

Na jumuiya zetu ni vivyo hivyo. Madrasa inayomtegemea mwalimu mmoja, au chama kinachomtegemea mfadhili mmoja, siku mtu huyo akiondoka kazi husimama, nasi tukasema ni kudura. Kudura ni ya Mwenyezi Mungu. Uzembe wa kutoandaa mwingine ni wetu.

Basi kabla ya kumwambia mwenzetu "subiri", tutazame kwanza tumemshikia nini mkononi. Kama ni kibaba cha mbegu, neno letu litakuwa na uzito. Kama hatuna kitu, twende tukamsaidie kulima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusubiri na wenye kusaidiana. Amin.