Je, Nafuu ni Shahidi wa Kutosha?

Wako watu wasemao ya kwamba kila mtu aujua mwili wake kuliko mwingine yeyote. Kwa hiyo akisema amepona, hapana wa kumpinga. Neno hili lina sura ya haki, maana uchungu haujui ila mwenye nao. Lakini yafaa tulipime kwa ugonjwa mmoja unaoonyesha upungufu wake, nao ni akromegalia.

Jina hilo lilitolewa na tabibu Mfaransa, Pierre Marie, mwaka 1886. Chanzo chake kwa kawaida ni uvimbe usio wa saratani katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na ambayo ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Uvimbe huo hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, nayo hulifanya ini litoe homoni ya pili iitwayo IGF-1. Basi mikono, nyayo na taya hukua polepole, hata miaka mingi yaweza kupita kabla mtu hajatambua. Tena moyo hudhurika, na kisukari na shinikizo la damu huweza kufuata.

Mgonjwa akitibiwa kwa upasuaji, au kwa sindano za dawa kama oktreotaidi, aghalabu huona nafuu: jasho hupungua, kichwa hutulia, vidole huacha kuvimba. Hapo ndipo nafsi hunong'ona: Mbona urudi tena kutolewa damu? Wahenga walisema, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi huona mzigo umekuwa mwepesi, kumbe mali yapotea njiani. Vivyo hivyo mtu aweza kujiona mzima hali homoni ingali juu, nayo yaendelea kumdhuru kimya kimya.

Basi je, tuikatae hisia na kuiamini tarakimu peke yake? La, hasha. Tarakimu nayo ni shahidi, na shahidi huulizwa kwanza aliona nini. Homoni ya ukuaji hupanda na kushuka mchana na usiku, hivyo kipimo cha mara moja chaweza kupotosha. Kwa sababu hiyo, baada ya upasuaji, madaktari huweza kumnywesha mgonjwa gramu 75 za sukari na kumpima kwa muda wa saa mbili. Kwa mwenye afya homoni hiyo hushuka, na kwa mwenye ugonjwa haishuki ipasavyo. IGF-1 haibadiliki sana kwa siku, ndiyo maana hutegemewa zaidi. Lakini nayo hupimwa kwa kadiri ya umri, na yaweza kushushwa na maradhi ya ini au lishe duni.

Zaidi ya hayo iko dawa ya pegvisomanti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003. Hii haizuii homoni ya ukuaji isitoke, bali huizuia isifanye kazi yake. Kwa aitumiaye, homoni hiyo huweza kuongezeka damuni ingawa matibabu yafaulu. Atakayeipima na kuhukumu kwayo atahukumu kinyume cha haki. Hapo IGF-1 ndiyo ya kuulizwa.

Kwa hiyo hisia hushuhudia uchungu, na damu hushuhudia yaliyofichika. Kila mmoja ana mpaka wake. Kumpuuza mgonjwa alalamikaye kwa kuwa karatasi ya maabara ni safi, ni kumdhulumu. Na mgonjwa kuipuuza karatasi kwa kuwa kichwa kimetulia, ni kujidhulumu mwenyewe na kuwadhulumu wanaomtegemea, kwani uhai ni amana. Imethibitika ya kuwa homoni zikirudi katika kiasi chake na kubaki hapo, umri wa wagonjwa hawa hukaribia ule wa watu wengine.

Ama jamaa wa mgonjwa asiye na uwezo, wasimwambie, "Mbona u mzima?" Heri wachange nauli na gharama ya kipimo. Mchango huo ni sehemu ya dawa.