Mzazi Aitwe Kwanza



Watu wa mji wetu wa Ilula ni wa kwenda na kurudi. Wakati wa nyanya mji hujaa. Vitunguu vikikomaa kule Ruaha Mbuyuni, vibarua hushuka bondeni wakakaa huko majuma mengi, na magari ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya huwachukua wengine wasionekane tena. Kwa hiyo mgeni akija na karatasi ya mahakama, akauliza fulani anakaa wapi, jibu letu la haraka huwa moja tu: "Hayupo." Napenda tulitafakari neno hilo dogo, maana kuna siku maisha ya mtoto hulitegemea.

Tuseme watoto wawili wameachwa nyumbani siku nyingi bila chakula, na jirani mwema akampasha habari afisa ustawi wa jamii. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa huyo aweza kulifikisha jambo hilo mbele ya Mahakama ya Watoto, na mahakama ikiridhika yaweza kuamuru watoto watunzwe mahali pengine, mbali na mzazi wao. Amri kama hiyo ni nzito. Ndiyo maana mzazi hana budi kupelekewa hati ya wito, ajue ni shauri gani, litasikilizwa wapi, na siku gani.

Hapo wengi wetu hunung'unika. Mwanamke aliyewaacha watoto wake, wa nini kumhangaikia? Mtoto ana njaa leo. Je, tuzunguke vijiji mwezi mzima tukimtafuta mama asiyejali?

Swali hilo si la kudharauliwa, lakini linachanganya mambo mawili. Kumwokoa mtoto ni jambo moja, na kuamua juu ya mzazi ni jambo jingine. Mtoto akiwa hatarini, sheria inaruhusu aondolewe mara moja apelekwe mahali pa usalama, kisha shauri lifuate. Uji wa mtoto haungoji wito. Kinachongoja ni uamuzi wa nani atakuwa mlezi wake.

Na uamuzi huo ungoje kwa sababu gani? Mwaka 1723, huko Uingereza, lilisikilizwa shauri la Richard Bentley, kasisi na mkuu wa chuo kimoja cha Cambridge, ambaye Chuo Kikuu kilikuwa kimemnyang'anya shahada zake bila kumwita ajieleze. Mahakama iliamuru arudishiwe. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza. Basi, kama Yeye ajuaye yote aliuliza, sisi tunaojua kwa kusikia kisimani na sokoni tutaachaje kuuliza?

Tena kuna kuuliza kwa wakati na kuuliza baada ya wakati. Huko Texas, Marekani, baba mmoja aitwaye Armstrong alikuta binti yake amekwisha kuasiliwa na mume mpya wa mama yake. Alipokuwa akiishi palijulikana, lakini hakuna aliyempelekea habari. Baadaye alisikilizwa, ila sasa mzigo wa kuthibitisha ulikuwa umewekwa mabegani mwake. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba hiyo haitoshi: mtu asikilizwe wakati ambao kusikilizwa kwake kunaweza kubadili jambo. Kumwita mtu wakati mlango umekwisha kufungwa si kumwita.

Sasa tumtazame yule anayebeba karatasi. Katika mashauri ya madai, sheria yetu hutaka wito ukabidhiwe mhusika mwenyewe. Asipopatikana, waweza kukabidhiwa mtu mzima wa familia anayeishi naye. Akikataa, hubandikwa mlangoni pake. Yote yakishindikana, mahakama yaweza kuamuru njia nyingine, kama tangazo la gazeti. Kisha mpelekaji huirudia mahakama na kueleza alivyofanya. Hapo ndipo penye jaribu. Amepanda mlima saa mbili, jua kali, nyumba imefungwa. Kuna duka karibu. Ni rahisi kuiacha karatasi kwa mwenye duka na kuandika kwamba mama amepokea. Ni uongo wa maneno mawili, lakini hakimu atauamini, na mama atapata habari watoto wamekwisha kwenda.

Karatasi yenyewe nayo lazima ieleweke. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tunashukuru. Lakini kwa asiyejua kusoma, karatasi ya Kiswahili nayo ni bubu mpaka mtu amsomee.

Mzazi naye asijidanganye. Wako wanaouona muhuri wa mahakama wakatokea mlango wa nyuma, wakidhani wasipopokea hakuna shauri. Shauri litaendelea, na anayekimbia wito ameutupa mdomo wake mwenyewe. Jirani anayemficha hakumtendea wema.

Lakini neno kubwa ni hili: karatasi ile haiendi kwa ajili ya mzazi peke yake. Inakwenda kwa ajili ya mtoto. Huenda mama ndiye pekee awezaye kumtaja bibi au shangazi aliye tayari kuwalea, ambaye afisa hamjui. Tena mtoto huyo atakua, na siku moja atamwuliza mlezi wake, "Mama aliitwa?" Akijibiwa kwamba aliitwa akaja, ikaonekana hawezi, ataumia. Akijibiwa kwamba aliitwa hakuja, ataumia zaidi. Hata hivyo huo ni ukweli, na juu ya ukweli mtu aweza kujenga maisha. Akijibiwa kwamba hakuitwa, hapo hakuna dawa, maana hakuna ajuaye mama yule angesema nini.

Basi, ndugu zangu, tuanze na lile tuliwezalo. Mtu wa mahakama au mtendaji wa kijiji akituuliza, tusiishie kusema "Hayupo." Tumwambie, kama twajua, "Yuko Mbuyuni kwenye vitunguu, hurudi Jumamosi, na hii ni namba ya kaka yake." Karatasi ikifika kwa asiyejua kusoma, tumsomee polepole, siku na mahali, bila kuitangaza mtaani. Na siku ya shauri ikifika naye anaogopa kwenda peke yake, mmoja wetu aache shamba lake kwa siku hiyo, afuatane naye.