Lawama na Uwezo wa Kijana Mwenye ADHD

ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtu apate taabu kuwa makini, kujizuia na kupanga mambo yake. Dalili huanza kabla ya miaka 12, na kwa wengi huendelea hadi utu uzima. Swali la kimaadili ni hili: kijana anayejua kazi yake ya shule na asiimalize, ana kosa?

Mwaka 1902, jijini London, daktari George Still aliwazungumzia watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Hali yao aliiita kasoro ya udhibiti wa kimaadili, ila chanzo chake alikitafuta mwilini, si katika malezi peke yake. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba urithi una mchango mkubwa katika ADHD.

Swali hili la lawama na uwezo limo pia katika dini. Kitabu kitakatifu cha Wahindu, Bhagavad Gita, kinaligusa katika sura ya 6: shujaa Arjuna anamlalamikia mwalimu wake, Krishna, kuwa akili haishikiki, kama upepo. Krishna hamkemei. Anakiri ugumu huo, kisha anamwelekeza kwenye mazoezi ya kudumu na kujinasua na tamaa. Fiqhi ya Kiislamu nayo hupima wajibu wa mtu kwa uwezo wake.

Kujua, basi, si kuweza. Hata hivyo uwezo hukuzwa, na hapo ndipo wajibu wa wazazi na walimu unapotangulia. Mwongozo wa taasisi ya afya ya NICE ya Uingereza, wa mwaka 2018, unataka mazingira yarekebishwe kwanza. Dawa kama methylphenidate hufikiriwa dalili zikiendelea kumwathiri sana kijana hata baada ya hapo. Katika mazingira hayo, agizo la “nenda kasome” halimsaidii. “Fanya hesabu tatu za kwanza, kisha unionyeshe” linampa pa kuanzia. Simu ikae chumba kingine, saa iwe mezani, na mapumziko mafupi yawe na wakati wake.

Udhuru wa kukosa uwezo haufuti wajibu wote. Kijana aliyemuumiza mwenzake kwa pupa bado anapaswa kuomba radhi, na kushiriki katika kutafuta njia ya kujizuia. Kadiri msaada unavyomwongezea uwezo, ndivyo anavyostahili kudaiwa zaidi. Lawama inayotangulia msaada si haki.