Mrudishieni Jembe Lake

Kama nyumbani kwenu yupo aliyepigwa na kiharusi, aliyekatwa mguu, mtoto mwenye mtindio wa ubongo au kijana anayetoka kwenye maradhi ya akili, makala haya yanakuhusu wewe kabla ya kumhusu yeye. Nakuomba jambo moja gumu. Kesho asubuhi, kabla hujamvalisha na kumfunga vifungo, kaa pembeni usubiri. Mwache ajaribu mwenyewe.

Tunawapenda wagonjwa wetu, hilo halina ubishi. Akirudi kutoka hospitali tunamtandikia, tunamlisha, tunamwogesha. Mama aliyesomesha watoto kwa maandazi hasogei tena jikoni. Fundi cherehani anaitazama mashine yake ikiwa imefunikwa shuka. Akitaka kuinuka tunamkalisha: "Pumzika, baba, sisi tupo." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ni mwenye nyumba, miezi inakatika, na jembe lake bado tumelificha! Kwa mapenzi yetu wenyewe tumemfanya mgeni kwake.

Ipo taaluma ya afya inayopambana na jambo hilihili. Ni tiba kwa vitendo, ambayo wengine huiita tiba kazi. Mtaalamu wake humuuliza mgonjwa maswali ambayo pengine hajaulizwa tangu alazwe: Ulikuwa ukifanya nini kila siku? Unataka kurudia lipi kwanza? Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulika zaidi na nguvu za misuli, unyookaji wa viungo na hatua za kutembea. Wa tiba kwa vitendo huzichukua nguvu hizo akazipeleka bafuni, jikoni, dukani na shambani. Mgonjwa anawahitaji wote wawili, lakini wengi wetu tunamjua mmoja tu.

Miongoni mwa walioiasisi taaluma hii alikuwamo mgonjwa. George Edward Barton, msanifu majengo wa Marekani, aliugua kifua kikuu, na baadaye upande wake wa kushoto ukapooza. Angeweza kubaki kitandani akisubiri huruma za watu. Badala yake alishika useremala na bustani, akaona mwili wake unaitika. Mwaka 1914 akafungua nyumba yake katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, ili wengine nao wapone kwa kufanya kazi. Machi 1917, watu sita walikutana hapo wakaunda chama cha kwanza cha taaluma hii nchini humo. Mwezi uliofuata Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na punde majeruhi wa vita wakawa wanafundishwa upya kutumia mikono yao. Kufikia 1952 taaluma ilikuwa na shirikisho la dunia nzima.

Sasa tuingie chumbani. Mzee ameketi kwenye kiti imara, nyayo zake zimekanyaga sakafu sawasawa, shati limetandazwa mapajani. Mkono wake wa kushoto umepooza, na huo ndio unaotangulia. Kwa mkono wa kulia anaupenyeza wa kushoto ndani ya shati, analivuta mpaka linapita kiwiko na kufika begani. Analizungusha shati nyuma ya shingo, kisha mkono mzima unafuata. Vifungo anaanzia cha chini, kwa sababu hicho anakiona vizuri. Wakati wa kuvua, mkono mzima hutoka kwanza na uliopooza hutoka mwisho. Siku ya kwanza huenda akatumia nusu saa, jasho likamtoka na kifungo kimoja kikaingia tundu lisilo lake. Usimwingilie! Hiyo nusu saa ndiyo dozi yenyewe.

Ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudiarudia vitendo, hasa vile ambavyo mwenyewe anaviona vina maana. Mkono usiotumika huzoea kutotumika, hata pale ambapo nguvu kidogo imeanza kurudi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alilichunguza hilo akabuni mazoezi ambayo mkono mzima huvishwa glavu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Njia hiyo haimfai kila mtu, maana inahitaji mkono uwe na mwendo kidogo wa kuanzia. Ndiyo sababu mtaalamu hupima kwanza. Nanyi mlio nyumbani mnayo mipaka ya kuzingatia: asiachwe peke yake penye moto, na kama hukohoa au hupaliwa anapokula, apimwe umezaji wake kabla ya kupewa kijiko.

Mtaniambia vifaa ni ghali. Vingi havihitaji fedha nyingi. Mpini wa kijiko ukimponyoka, uzungushie vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka unenepe na kushikika. Ubao wa kukatia ukipigiliwa kutokea chini misumari miwili safi isiyoshika kutu, kitunguu hukaa palepale, naye akakikata kwa mkono mmoja. Stuli bafuni humwezesha kuoga bila hofu ya kuanguka. Huko Zimbabwe, Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza viti kwa maboksi na gundi ya uji wa unga, na ufundi huo umefika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikalishwa kwenye kiti kilichopimwa kwa mwili wake, nyonga zikashikwa vizuri na nyayo zikakanyaga, mikono yake haihangaiki tena kumzuia asianguke. Sasa inaweza kushika kikombe, kuchezea mpira, kuandika.

Na kijana aliyetoka wodi ya akili? Dawa anywe kama alivyoandikiwa, bila kuruka. Lakini vidonge havimfundishi kuamka saa kumi na mbili, kuoga, kulisha kuku na kurudisha chenji sahihi kwa mteja. Mpe kazi ndogo yenye saa yake, ikamilike leo, na kesho irudiwe. Heshima yake mtaani itarudi kwa njia hiyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya zinazoweza kunufaika na huduma za utengamao, yaani za kumrejesha mgonjwa kwenye shughuli zake, ambazo tiba kwa vitendo ni sehemu yake. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuziimarisha huduma hizo katika mifumo ya afya ya nchi. Azimio halitamfikia mgonjwa wa Nachingwea au Kitui kwa miguu yake. Linahitaji watu wa kulidai na wataalamu wa kulitekeleza. Wewe uliyemaliza sekondari na unatafuta fani, hospitali ya KCMC mjini Moshi wanaifundisha, na chuo cha KMTC nchini Kenya wanaifundisha pia. Ni kazi ambayo matunda yake utayaona kwa macho.

Nanyi wanafamilia, acheni kuuliza "atapona lini?" Ulizeni "atafanya nini wiki hii ambacho wiki iliyopita hakukifanya?" Chagueni kitendo kimoja alichokipenda, mpeni muda wa kutosha, msimamieni bila kumnyang'anya. Msikubali aruhusiwe kutoka wodini kabla hamjauliza nani atamfundisha kurudi kwenye shughuli zake. Kama alisharuhusiwa zamani, bado mna nafasi: nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa wiki hii, mkaombe rufaa ya tiba kwa vitendo, na msiondoke bila tarehe ya miadi.