Neno Moja Juu ya Barua

Mwaka 1978 mwanachuo wetu mmoja aliomba ruhusa ya siku saba akamzike mama yake. Juu ya barua yake niliandika neno moja tu la Kiingereza: "sanctioned". Nilikusudia kwamba nimeridhia. Karani, aliyezoea kulisikia neno hilo katika habari za Rodesia kuwekewa vikwazo, alielewa kwamba kijana aadhibiwe, akamkata posho ya mwezi mzima.

Kamusi ilitutetea sote wawili. Asili ya neno hilo ni Kilatini, kuipa sheria nguvu. Na sheria, ndugu msomaji, huruhusu na huadhibu. Kiswahili nacho kina "kaa" wa pwani, "kaa" la moto na "kaa" kitako, ila sentensi hutuonyesha lipi ni lipi. Mimi sikuandika sentensi.

Kosa lilikuwa la nani? Kwa miaka mingi nilimlaumu karani. Lakini kwa nini sikuandika "ruhusa imetolewa", ilhali sote watatu tulizungumza Kiswahili kutwa? Nilipenda kuonekana msomi, basi.

Posho alirudishiwa mwezi uliofuata. Kijana alikuja ofisini kunishukuru, nami nikazipokea shukrani zile.