Kaburi la Kilimambogo

Mtu asimamaye Thika au Ruiru asubuhi yenye anga safi, akitazama upande wa mashariki, huuona mlima ulio peke yake tambarareni. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wengi wetu twauita Kilimambogo, kwa ajili ya nyati wake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya mila za Wakikuyu, aliutaja miongoni mwa milima ambayo wazee waliielekea walipomwomba Mungu. Kwao ulikuwa mlima wa mvua kubwa.

Mwaka jana niliupanda pamoja na wanafunzi wangu. Kabla ya kufika kileleni tulilikuta kaburi la William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na shamba kubwa la Juja, ambaye mwaka 1909 alimkaribisha huko Theodore Roosevelt. Alifariki mwaka 1925. Husimuliwa kwamba alikusudiwa kuzikwa kileleni, lakini chombo kilichochukua jeneza kikashindwa na mwinuko.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini jiwe hili lisiondolewe? Babu zetu waliuheshimu mlima huu, nao hawana hata kibao."

Sikuweza kumjibu papo hapo, nikaona haya. Maana kwa miaka kadhaa nilikuwa nimewafundisha watoto habari za kaburi, nisiseme neno juu ya sala.

Tangu siku ile nimefikiri hivi. Dhuluma ya kusahauliwa haiponywi kwa kumsahaulisha mwingine. Jiwe hilo ni shahidi: latuonyesha kwamba palikuwa na zama ambapo mgeni mmoja aliweza kumiliki nchi, hata mlima walioutukuza wengine ukawa mahali pa kaburi lake. Tukiling'oa, tutampoteza shahidi huyo, wala sala za wazee hazitarudi. Lakini kuliacha jiwe liseme peke yake nako ni uongo, kwa kuwa mwenye jiwe husikika, na asiye nalo hudhaniwa hakuwapo.

Sala haziandikwi juu ya mawe. Hukaa vinywani mwa wazee, na wazee hufa. Basi, ewe kijana, kabla hujashika nyundo, nenda kwa nyanya yako umwulize watu wake waliuitaje mlima ule, na kwa nini. Kisha andika jibu lake. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuvunja, wala haingojei.